Gerson, Pweza na Bega la Kulia

Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa na chuo mwanzoni mwa Desemba, ikapigwa muhuri na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kati ya ratiba ya mitihani na tangazo la simu iliyopotea, imethibitika kwamba pweza wanane waliotunzwa mjini Moshi kwa miezi kumi na minne, bila kubakiza hata mmoja, hutazama windo kwa jicho la kushoto na hulivamia kwa mikono ya upande huohuo. Mashambulizi mia nne na kumi na mawili yalishuhudiwa. Taarifa inaongeza, katika aya ya tatu, kwamba mwangalizi aliyeyahesabu ni mtu makini, asiye na upendeleo wa upande wowote, si wa kulia wala wa kushoto.

Mwangalizi huyo anaitwa Gerson. Ana miaka hamsini na minne, nyumba ya vyumba vitatu Shirimatunda, ng'ombe wawili wa maziwa, mke anayeimba kwaya, na jicho moja. Jicho lililobaki ni la kulia. Taarifa haikuligusa jambo hilo kwa sababu hakuna aliyeuliza, na Gerson si mtu wa kujibu asichoulizwa.

Mtu anaweza kushangaa pweza walifuata nini katika mji ambao maji yake yote yanashuka kutoka mlimani. Jibu ni Dokta Yuditha. Alisomea viumbe wa baharini huko ng'ambo, akarudi kuajiriwa nyumbani. Bahari haikurudi naye, ikabidi iletwe kwa lori kutoka Tanga, kila baada ya wiki mbili, katika matangi ya plastiki. Pweza wenyewe walikuja ndani ya mapipa yenye pampu za hewa. Baada ya hapo alihitajika mtu wa kuwalisha.

Katika usaili Dokta alimwuliza Gerson swali moja tu.

"Unaogopa damu?"

"Hapana, Daktari. Nimekaa machinjioni miaka kumi na mmoja."

"Ukichinja?"

Gerson akatazama sakafu. "Nikishika miguu."

"Pweza hana miguu, mzee," akasema Doris, mwanafunzi wa Dokta, msichana wa mtaa wa Soweto, hapohapo Moshi, ambaye simu yake haijawahi kuonekana mfukoni. "Ni mikono mitupu, minane. Utaanza kushika upi?"

"Utakaonishika kwanza."

Akapewa kazi.

Kila asubuhi alipita kwenye mifereji akiwa na ndoo, akakamata kaa wadogo wa kahawia wanaojificha chini ya mawe. Walikuwa kaa wa maji baridi. Katika maji ya chumvi wasingedumu, lakini hakuna aliyewapa nafasi ya kujaribu. Ndani ya kila tangi palikuwa na chungu cha udongo kimelazwa ubavu, mdomo ukitazama dirishani, na ndani ya kila chungu alikaa pweza mmoja. Pweza akiwa chunguni haonyeshi kuwa na haraka na mtu. Jicho moja linatokeza, mboni yake imelala kama mpasuo wa kisu, linatazama. Kaa akidondoka majini, mkono mmoja unatoka polepole kama wa mtu anayepapasa swichi ukutani. Halafu mwili mzima unafumuka kama mwamvuli, unamfunika kaa, na ndani ya mwamvuli huo kaa anapigana. Anapigana kweli. Gando linaonekana likisukuma ngozi kwa ndani, mara hapa, mara pale, kisha linaacha. Baada ya nusu saa gamba tupu linatupwa nje ya chungu, limesafishwa kuliko sahani ya mgeni.

Gerson aliandika: jicho, kushoto, mkono, kushoto. Kesho yake akaandika hivyohivyo.

Walimng'ata mara sita. Mara ya nne, sumu ilivimbisha kiganja mpaka pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno. Siku nyingine alikuta kizuizi cha kati ya tangi la tatu na la nne kimesogea upana wa vidole viwili. Vilitosha. Wa tatu alikuwa amepita, akamkaba wa nne shingoni, kama pweza ana shingo, akamziba mahali pa kuvutia maji mpaka akazimika, kisha akaanza kumla kuanzia ncha za mikono. Gerson alipofika, mikono mitatu iliyokwisha kukatika ilikuwa bado inatambaa kwenye kioo yenyewe, ikitafuta chungu. Aliletwa pweza mwingine kutoka Tanga. Katika taarifa imeandikwa kwamba mnyama mmoja aliondolewa kwenye utafiti, na hilo ni kweli tupu, isipokuwa haikutajwa ni nani aliyemwondoa.

Kuhusu umakini, Gerson alikuwa na desturi moja. Mtu aliyepoteza jicho kwa kupigwa hapendi upande ule ubaki wazi. Kwa hiyo kila alipolisha alisimama mwisho uleule wa tangi, akidondosha kaa kutoka hapohapo, bega la kushoto limeegemea ukuta, jicho la kulia likiona tangi, mlango, na yeyote anayeingia. Dokta Yuditha, kwa kujali taratibu za kisayansi, aliamuru matangi yabadilishwe nafasi mara tatu katika mwaka. Matangi yakabadilishwa. Gerson hakubadilishwa.

Na hakuwa na haja na sayansi. Alikuwa na haja na kisu.

Katika ukoo wao, huko Mamba mlimani, mnyama wa sikukuu hulazwa chali juu ya majani ya mgomba, kichwa kikielekea mlimani. Mchinjaji akishamtoa roho husimama upande wa miguu ya nyuma na kutazama mlimani, na hapo bega la kulia la mnyama linakuwa upande wake wa kushoto. Bega hilo ni la mzaliwa wa kwanza. Bega la kushoto ni la wajomba. Hakuna anayefundishwa jambo hili kwa maneno. Mtu husimama pale baba yake aliposimama, mambo yakaenda.

Gerson hakusimama pale. Alizaliwa mashoto. Mwalimu wa darasa la pili alimfunga mkono wa kushoto kwenye dawati kwa kamba ya katani, na kila ulipochomoka aliuchapa kwa ubapa wa rula, na ubapa ulipovunjika akauchapa kwa ukingo. Mwaka ulipokwisha, Gerson aliandika kwa mkono wa kulia na kufanya mengine yote kwa wa kushoto, na mtu akimwambia ageuke kulia alihitaji muda kidogo wa kufikiri. Hivyo Krismasi aliyopewa kisu kwa mara ya kwanza, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, alisimama kichwani mwa mbuzi badala ya miguuni, kwa kuwa hapo kisu kilikaa vizuri mkononi. Akakata bega lililokuwa kushoto kwake, kama walivyofanya wote kabla yake. Akampa kaka yake Ezra, mzaliwa wa kwanza, mbele ya wakwe wa Ezra waliokuja kumwona bwana harusi.

Lilikuwa bega la wajomba. Mkwe mmoja akacheka.

Ezra alilishika bega lile kwa kwato, kama mtu anavyoshika rungu, akampiga nalo mdogo wake usoni. Mfupa ulikuwa umekatwa kwa panga, kwa mshazari. Pigo la kwanza lilipasua nyusi. La pili ndilo lililotoa jicho. La tatu halikuwa na kazi, lakini lilipigwa.

Wiki iliyofuata Ezra alikuja na jani la sale. Mlimani ukiletewa jani hilo umeombwa radhi, na huwezi kukataa; huo ndio uzuri wake na ndio ubaya wake. Gerson akalipokea akiwa amefungwa bendeji. Mambo yakaisha, ila wazee waliamua kwamba mtu asiyejua kulia na kushoto asishike tena kisu cha ukoo. Kisu kikaenda kukaa kwa Ezra. Kwa miaka thelathini na mitatu, kila Krismasi, Gerson alipanda Mamba kuosha utumbo na kushika miguu, na kila mara mtu alimwuliza, kwa upole, kama anaiona.

Taarifa ya chuo ilipobandikwa, alimwomba Doris amtolee nakala. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, akangoja tarehe ishirini na sita.

Baba mkubwa Elirehema alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake cha plastiki, fimbo kati ya magoti. Ana miaka themanini na minane, na neno lake ndilo la mwisho. Wanaume wengine walikuwa wamezunguka ndoo ya mbege, pombe ya ndizi. Dume jeusi la ng'ombe lilikuwa limefungwa kwenye mti wa mringaringa, likipuliza vumbi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, Gerson. Hiyo karatasi ya nini? Usiniambie ni mchango."

"Ni ya chuo. Inasema najua kulia na kushoto."

Mzee akaipokea, akaigeuza upande wa nyuma, akakuta hakuna kitu, akairudisha. Muhuri aliutazama kwa muda mrefu. "Ezra. Wewe una miwani. Tusomee."

Ezra anavusha vitunguu na mahindi kwenye mpaka wa Holili; ana tumbo, ana kauli, na kisu cha ukoo kilikuwa kimechomekwa tayari kwenye mkanda wake. Alisoma. Alisoma habari za pweza wanane na mashambulizi mia nne na kumi na mawili kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya kufukuzwa nyumba. Alipofika kwenye aya ya tatu sauti ikashuka.

"Hapo sijasikia," akasema mzee. "Rudia."

"Mtu makini," akasema Ezra. "Asiye na upendeleo wa upande wowote."

"Aika," akashukuru mzee. "Endelea."

"Imeisha." Ezra akaikunja karatasi. "Wewe chongo. Pweza ana bega?"

"Hana, kaka."

"Basi."

"Ana mikono minane. Nimeijua yote. Ng'ombe ana miwili tu ya mbele."

"Na wewe una jicho moja."

"Ndiyo. Lile lingine ulibaki nalo wewe."

Kwenye ndoo ya mbege mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Baba mkubwa akagonga fimbo chini.

"Mimi sijui pweza," akasema. "Sijamla na simtaki. Lakini watu wasomi wamemwangalia huyu kijana mwaka na zaidi, wakaona hakosei, wakapiga muhuri. Mimi nibishane na muhuri kwa kitu gani? Mwaka huu Gerson anashika kisu. Ezra, mpe. Wewe shika kamba ya pembe."

Ezra akakitoa kisu, akampa kwa ncha.

Dume liliangushwa na watu watano, kamba kwenye miguu, mmoja kwenye mkia. Ezra alishika kamba ya pembe, akiwa amepiga goti karibu na kichwa. Gerson alipoinama kutafuta mshipa, Ezra alikuwa upande wake wa kushoto, yaani kwa Gerson hakuwepo. Watu watatu waliokuwa wameshika miguu waliona, na wote wanasimulia namna moja: Ezra alifungua vidole. Kamba haikumponyoka. Alivifungua kimoja baada ya kingine, akaegemea nyuma.

Kichwa cha dume kikapanda. Pembe iliingia chini ya kwapa la kushoto la Gerson, ikamwinua, ikambeba hatua mbili, ikamtupa kwenye migomba. Watu walisikia mbavu. Dume likasimama, likaburuta wawili waliong'ang'ania kamba za miguu, mmoja akavunjika mkono, likamkanyaga aliyeshika mkia tumboni, likampindua baba mkubwa na kiti chake. Halafu likageuka kumtafuta aliyelichoma, maana kisu kilikuwa kimeshalikwaruza shingo na damu ilikuwa inalimwagikia magotini.

Gerson alisimama akishika mgomba. Hewa ilikuwa inaingia upande mmoja tu. Kisu hakukiacha. Akafanya kile alichokiona kikifanyika mara mia nne na kumi na mbili: akatulia, akageuza jicho, akangoja kitu kije upande wake. Dume likaja. Alikwepa nusu hatua na kulizamishia kisu nyuma ya pembe, kwa mkono wa kushoto, mpaka mpini ukagota. Miguu ya mbele ikaisha kwanza. Likapiga magoti kama muumini, likateleza, likalala na kukoroma damu. Akalipandia, akalikata koo mpaka kisu kikagusa mfupa, akasema bakuli liletwe, kwa sababu damu ya kupikia mchuzi wa kisusio haimwagwi hata kama mchinjaji anavuja ya kwake.

Waliokuwa na mikono mizima wakalilaza chali, kichwa mlimani. Gerson akazunguka mpaka miguuni. Alitembea akiwa amepinda, mkono wa kulia umekandamiza ubavu, na povu jekundu lilimtoka mdomoni kila alipohema. Akasimama. Akatazama mlimani, ambako siku hiyo kulikuwa na mawingu matupu. Akakata bega lililokuwa kushoto kwake, akalimaliza kwa panga, kwa mshazari.

Akaenda nalo kwa Ezra. Alilishika kwa kwato, kwa mkono wa kushoto, mfupa ukiwa mbele, na watu wazima wenye kumbukumbu wakasogea nyuma. Ezra akatupa miwani. Akaziba jicho lake la kushoto kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo, na suruali yake ikalowa mbele ya watoto wake wa kuwazaa.

Gerson alilihamishia bega mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka.

"La kulia, kaka," akasema. "Ligeuze uangalie."

Ezra hakuligeuza. Aliligeuza baba mkubwa, ambaye alikuwa ameinuliwa kutoka chini akiwa na majani kichwani. Alilipapasa kwato, akalipapasa goti, akalipima na ubavu lilikotoka.

"La kulia," akasema. "Kisu kikalale kwa Gerson."

Ndipo Gerson akaanguka, akaangukia upande ule asiouona.

Hospitali ilihesabu mbavu tatu na pafu moja, na ikamweka siku kumi na tisa. Siku ya tano Ezra alikuja na jani la sale, la pili katika maisha yao, akalitoa kwa mikono miwili. Gerson alilipokea kwa mkono wa kushoto. Hilo ni tusi, na wote wawili walilijua, na Ezra akauliza kama chakula cha hapo kinalika.

"Kinalika," akasema Gerson. "Umekuja na kisu?"

"Kipo kwako. Nimemkabidhi shemeji."

"Na nyama?"

"Nyama iliisha."

Baba mkubwa alibaki na nakala ya taarifa. Ameiweka ndani ya Biblia, na ukoo mwingine wa jirani umeshatuma mtu kuuliza kama chuo kinaweza kumpima na mchinjaji wao. Dokta Yuditha amealikwa kuisoma taarifa hiyo kwenye mkutano, Arusha.

Katika siku zile kumi na tisa, pweza walilishwa na Doris. Doris ana macho mawili, na alisimama popote palipokuwa na mtandao, mara nyingi dirishani, wakati mwingine upande wa pili wa tangi. Hesabu yake aliiandika kwenye daftari lilelile la Gerson, ukurasa unaofuata ule ambao taarifa iliishia. Yalikuwa mashambulizi sitini na matano, na katika thelathini na manne kati ya hayo pweza walitumia jicho la kulia.